Zambi za Shemeji

Kadutu, Bukavu, tarehe 11 Novemba 1956

Kwa yaya wangu Venant, kaka yangu mukubwa, kule Shabunda ambako kamyo inafika ikipenda,

Mudogo wako Emérence anakusalimia na mikono yote mbili, moja iko na kalamu na ingine imeshika Clémence asinywe wino. Sisi hapa tunapumua. Clémence anatembea sasa, anaanguka, anasimama, anatukana kidogo. Sijui nani alimufundisha, lakini nikimuuliza baba yake, macho yake yanakimbia. Maman iko muzima kule Walungu, ni magoti tu ndiyo inamuuma. Anasema ni baridi. Miye nasema ni sababu anapiga magoti kuomba juu yako. Juu yetu wasichana anaomba akiwa amekaa kwenye kiti. Mbuzi ya tonton yetu Adalbert ilizaa mapacha. Na miye, yaya, tumbo limeanza kujionyesha kidogo, Mungu akipenda mwezi wa tano nitakuwa na wa pili. Usimuandikie Maman, nataka nimwambie mwenyewe nione uso wake.

Sasa jambo lenyewe.

Jumapili iliyopita Floribert alikubali kuja kanisani. Soma tena, nimeandika vizuri: bwana yangu Floribert, kanisani, na viatu. Nimemuomba tangu tuoane. Tulikaa karibu ya mulango sababu alisema akiona joto la Roho limezidi atatoka polepole.

Muhubiri siku ile alikuwa Stanislas, mwenzako wa kule kwenu. Alisema: leo nitawapa ushuhuda wa ndugu yangu Venant, muhubiri wa kambi ya wachimba zahabu, mutu aliyetolewa ndani ya shimo. Miye nikafikiri ni shimo la zahabu. Nikatengeneza kikwembe yangu kiunoni, nikainua kichwa, watu wajue ni yaya wangu.

Akaendelea. Eti Venant zamani alikuwa mulevi wa kupita kipimo. Eti siku moja kiu ilimushika na nyumbani hakuna tena kitu cha kuuza, akang'oa mulango wa nyumba yake, akaubeba kichwani, akaupeleka kwa jirani, akapewa kasiksi, ile pombe ya ndizi, mutungi mbili. Eti alipokwisha kunywa alianza kutafuta kwake, akapita kwa jirani, akaona ule mulango, akasema: aha, nimefika. Akagonga. Jirani akafungua. Venant akamuuliza: "We mwanaume, unafanya nini ndani ya nyumba yangu?" Wakapigana mpaka kijiji kizima kikatoka kuangalia.

Kanisa likacheka, kisha likalia.

Yaya. Weye ambaye divai ya meza ya Bwana inakukohoza.

Nikamutazama Floribert. Alikuwa amekaa wima kama mutoto wa shule. Akaniinamia kwenye sikio: "Emérence, ule mutu namujua." Halafu, kisha kufikiri: "Mbona hakusema mulango ulikuwa na kufuli mupya?"

Mama Euphrasie, jirani yetu, alikuwa anapangusa machozi na kitambaa. Akatugeukia: "Neema gani hii! Hata mutu sawa huyu ameokoka!" Na Floribert akamujibu na heshima yote: "Bado, mama."

Leo amekataa kurudi kanisani. Anasema duniani alikuwa na kitu kimoja tu ambacho ni chake peke yake, na shemeji amekibeba.

Yaya, niambie ni Stanislas alichanganya majina. Nangojea.

Mudogo wako anayekupenda,
Emérence

Shabunda, 20 Januari 1957

Kwa Emérence, dada yangu mupenzi katika Bwana,

Neema na iwe nyumbani mwako, kwa wakubwa na kwa mutoto. Barua yako ya Novemba imenifikia kisha Noeli. Kamyo ilizama kwenye matope hii upande wa mulima, ikakaa pale hata dereva akapata muchumba katika kijiji cha karibu. Sisi tunamushukuru Mungu, yeye pia anamushukuru.

Mimi niko muzima. Mvua inanyesha kila siku. Darasa langu la watu wazima linaendelea, wachimbaji wameanza kuandika majina yao, na mumoja ameandika jina lake juu ya kila kitu kambini, hata juu ya sufuria ya capita, musimamizi wao, jambo limeleta ugomvi. Nafurahi kwa habari ya mimba, nimefunga mudomo kwa Maman.

Dada, niko na habari kubwa. Komite ya kanisa imekubali niwekewe mikono kuwa muchungaji. Itakuwa mwisho wa mwezi wa tano, hapa kwenye misioni yetu, wazee wote watakuwapo. Unajua desturi ya kwetu: mutu hawekewi mikono kwa maneno yake peke yake. Lazima mutu wa nyumba yake asimame mbele ya kanisa, muongoza ibada amuulize: "Ulimujua zamani? Alikuwa vile anavyoshuhudia?" Yeye anajibu, na kisha jibu lake ndiyo wazee wanaweka mikono. Nimetoa jina lako, hata na tumbo, kwa maana magoti ya Maman hayawezi kamyo. Nauli ya kamyo misioni italipa.

Juu ya mambo mengine uliyoandika, nimeyasoma. Ninawaombea wote, zaidi shemeji.

Ndugu yako katika kazi ya Bwana,
Venant

Kadutu, 17 Februari 1957

Kwa yaya ambaye "ameyasoma",

Clémence alipata homa, imepona. Maman nimemwambia juu ya mimba, alipiga kigelegele mpaka kuku ya jirani ikatoka mbio. Floribert iko na kazi, wanajenga nyumba ya Muzungu kule upande wa ziwa, nyumba ya vyumba mingi na Muzungu ni mumoja tu, sijui vingine atalaza nini. Siku za malipo anakunywa, siku zingine anakumbuka kunywa. Ndiyo habari zetu.

Umeyasoma. Ndiyo hii tu? Nilikuandikia karatasi mbili pande zote.

Basi Stanislas hakuchanganya majina. Nimeelewa.

Sasa sikiliza miye. Nilikuambia habari ya ule mulango jikoni kwa Maman, ulipokuja kupumuzika. Ulikuwa unakula viazi. Ulisema "pole dada," ukakamata kiazi kingine. Sikujua ulikuwa unaweka akiba.

Na kitu kimoja kinanichoma kuliko vingine. Ndani ya ushuhuda wako hakuna muke. Iko mulevi, iko mulango, iko jirani, iko hata kasiksi. Nani alikuwa amelala ndani ya ile nyumba bila mulango? Ni miye! Na mimba ya Clémence. Nilitundika mukeka, upepo wa Walungu ukaupiga ukaanguka, nikautundika tena, mwisho nikakaa pale chini na kuukandamiza na mugongo wangu mpaka kulikucha. Imbwa ya jirani ilikuja ikalala juu ya miguu yangu, nikaishukuru. Nilikaa vile mpaka tukapata mbao zingine. Weye ulichukua zambi, ukaacha mutu aliyekosewa. Ni sawa kuiba suruali na kuacha mwenye kuvaa.

Zambi zako nazijua, yaya. Ulimufichia katekista kiatu sababu alikuchapa, ukakirudisha kesho yake, umekipaka mafuta. Ulimudanganya Maman umekula, ili miye nipate nyama. Basi. Shetani akifungua kitabu chako atasinzia.

Na sasa unataka nisimame mbele ya Biblia. Watasema: "Emérence, alikuwa mulevi?" Nikisema ndiyo, nimedanganya Mungu na mutoto tumboni anasikia. Nikisema hapana, mikono ya wazee inarudi ndani ya mifuko, na weye unabaki mwalimu wa a, e, i, o, u mpaka meno yaishe. Hata Maman nitamwambia nini? Ameanza kushona shati yako nyeupe.

Niambie, yaya. Ni nini ilikukamata?

Emérence

Shabunda, 24 Machi 1957

Dada,

Hakuna habari ya mvua katika barua hii. Nimeianza mara mingi, na kila mara niliandika ukurasa mzima juu ya mvua.

Wewe unafikiri niliitwa. Maman anafikiri niliitwa. Anawaambia watu kwamba nilipokuwa mutoto nuru ilikaa juu ya kitanda changu. Ilikuwa tundu katika paa. Mimi sikuota ndoto. Sikusikia sauti. Muzungu wetu wa misioni, huyu tunayemuita Bwana Polepole kwa namna anavyosema Kiswahili, siku moja aliuliza darasani: "Nani... anaweza... kusoma... bila kuweka... kidole?" Nikainua mukono. Huo ndiyo wito wangu. Wenzangu wanasimulia malaika, mimi nina kidole.

Walinituma kambini. Jumapili ya kwanza wachimbaji walikuja wote, hapana mwingine wa kuwachekesha huku. Desturi yetu unaijua: kabla ya kuhubiri lazima useme umetolewa wapi. Mumoja akapaza sauti: "Mwalimu, weye uliokolewa na nini?" Stanislas ameua mutu, au karibu. Muzee mwingine alikuwa muchawi wa mito yote. Mimi nikasema zamani nilikuwa ninachelewa maombi ya asubui. Dada, walicheka mpaka mutu akaketi juu ya jiko. Jumapili ya pili nilihubiria viti. Ya tatu pia.

Jumapili ya ine nikafungua kinywa na mulango ukatoka. Sikuupanga. Nilisikia tu ninasema "mimi", na watu wakanyamaza. Kwa mara ya kwanza watu walinisikiliza kama vile ninachosema kinaweza kuwasaidia. Iko capita wa wachimbaji, anaitwa Pascal, mutu wa mikono mikubwa, mulevi aliyekuwa anapiga muke wake Agnès hata wazungu wa kampuni walimuogopa. Alikuja kwangu kesho yake akasema: "Kama weye ulirudi kutoka kule, na miye nitarudi." Akavunja mitungi yake. Agnès sasa ananiletea muhogo kila juma na anaimba njiani.

Nitawaambia nini? Nikisema ilikuwa uongo, Pascal anarudi kwa pombe, na Agnès anarudi kwa ngumi. Hii ndiyo inanikosesha usingizi, kuliko mikono ya wazee. Ingawa mikono pia ninaitaka. Nakuandikia kweli.

Habari ya imbwa juu ya miguu yako sikuijua. Viazi nakumbuka.

Njoo, dada. Watauliza mara moja tu. Ni neno moja, "ndiyo", kisha nitafanya kazi maisha yangu yote kulilipia.

Venant

Kadutu, 5 Mei 1957

Yaya wangu,

Tuko wazima, miye niko sawa ngoma. Mama wa kuzalisha wa hospitali aliniangalia, nikamuuliza habari ya kupanda kamyo mpaka Shabunda, akaniambia nikitaka kuzaa juu ya magunia ya chumvi niende. Sitakuja.

Nimekutumia Floribert.

Ngoja, usitupe barua. Desturi inasema mutu wa nyumba. Shemeji ni mutu wa nyumba, na ile habari hakuna mutu anayeijua kumupita.

Nilimusomea barua yako yote. Pale pa kidole alicheka, pale pa Pascal aliniambia nirudie. Kisha nikamusomea yangu ya Februari, sababu niliandika kwanza kwenye karatasi ya kujaribia, nikafika kwenye mukeka. Yaya, hakujua. Ile asubui alikuwa bado anagombana na jirani, kisha akalala, na miye sikumuambia kitu. Nilimuambia weye, sikumuambia yeye. Aliamuka, akatoka, akasimama kwenye kiwanja muda murefu anaangalia kuku. Aliporudi akasema: "Nitakwenda. Nitamushuhudia vizuri. Achukue tu, miye nimebaki na zambi zingine."

Nikasema: "Floribert, ile ni uongo mbele ya Mungu."

Akasema: "Mungu ananijua, hatashangaa."

Sikumufundisha aseme nini. Na weye sikufundishi. Lakini juu ya Pascal nakuuliza kitu kimoja: kama kusimama kwake kunashikiliwa na mulango wa bwana yangu, siku moja si atakuja Bukavu? Atamukuta mwenye mulango amelala kwenye mufereji wa Kadutu. Atafikiri nini hapo? Afazali asikie kutoka kwako, akiwa kwake, na muke wake karibu.

Shati ya Maman iko ndani ya mufuko. Mikono yake ni mirefu kidogo, Maman bado anakuona unakomaa.

Floribert ametoka hapa bila pombe. Ya njiani siijui, ni njia ndefu.

Emérence

Shabunda, 26 Mei 1957

Emérence, dada yangu,

Natumaini umekwisha kujifungua salama. Shemeji anarudi na kamyo ya kesho na barua hii, kwa hiyo utasikia mambo mara mbili. Ya kwake itakuwa na chumvi. Anza na yangu.

Alifika na matope mpaka masikio na bila harufu yoyote. Nilimupokea, tukala. Nilitaka kumuuliza atasema nini. Yeye alitaka kuniuliza nitasema nini. Tuliongea juu ya bei ya simenti.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka madirishani. Nilikaa mbele na shati ya Maman. Nilitoa ushuhuda wangu kama kawaida, lakini upesi, nikaruka mahali mahali. Kisha Bwana Polepole akamuita shahidi.

"Ndugu... Floribert. Ulimujua... Venant... zamani?"

"Namujua kuliko hii koti," shemeji akajibu, na hiyo ilikuwa kweli, koti aliikopa.

"Alikuwa... mulevi?"

Nilifunga macho. Nilikuwa na hakika ataniumbua, na dada, nusu ya moyo wangu iliomba aniumbue ili nisifanye kazi hiyo mwenyewe. Nikamusikia anasema: "Eee! Mulevi? Mama yangu!" Na akaanza. Alinipa vyote. Alinipa hata vile sikuwahi kuiba. Eti muchana wa Jumapili niliendesha baisikeli ya mutu mwingine moja kwa moja ndani ya ziwa Kivu, na waliponitoa niliuliza nani amehamisha barabara. Watu walipiga aleluya, waliinuka, walikaa. Stanislas alinitazama kwa wivu. Sijawahi kuona mutu anatoa mali yake kwa roho nyeupe vile.

Kisha akafika kwenye mulango. Akautoa, akaubeba, akauuza, akagonga. Watu wanalia kwa kucheka. Na akasema: "Lakini muke wake..."

Kanisa likangoja.

"Muke wake alikaa chini," akasema, na sauti haikuwa tena ya mutu wa kuchekesha. "Alishika mukeka na mugongo. Mpaka asubui. Alikuwa na mimba. Hakusema kitu. Kesho yake alinipikia uji."

Alikuwa amesahau kwamba tulikuwa katika maisha yangu.

Stanislas akasimama: "Muke gani?"

Bwana Polepole, kwa mara ya kwanza tangu nimujue, alisema haraka: "Venant uko na muke?"

Na mama Madeleine, yule ambaye tangu nifike hapa ananitafutia binti wa kuoa, akapiga kelele kutoka upande wa wanawake: "Ameoa! Na miye nimechakaza viatu!" Mutu akauliza mutoto iko wapi. Mwingine akauliza kama nilimuacha na mimba. Shemeji anapunga mikono anasema hapana, hapana, muke iko, muke iko vizuri, nalala naye miye.

Hiyo haikusaidia.

Nikasimama nikasema kwa nguvu: "Yule mwanamuke ni dada yangu!"

Dada, sikufikiri. Mama mumoja alimufunika mutoto wake masikio. Muzee wa kanisa alikaa chini pasipo kiti.

Basi pale hapakubaki njia nyingine. Nikasema yote. Kwamba mulevi ni huyu shemeji yangu, na muke ni wake, na dada ni wangu. Kwamba mimi sikunywa kamwe, si kwa sababu ya utakatifu, pombe inaniumiza tumbo. Kwamba sikusikia sauti, niliinua mukono kwa ajili ya kidole. Nikasema: "Mumenisikiliza miaka hii kwa sababu ya mulango wa mutu mwingine. Mukiniuliza niliokolewa na nini, jibu ninalo tangu leo: na huu uongo. Na sijui kama nimeokolewa nao, kwa maana nikiwaona munanisikiliza hivi, nafurahi tena."

Nikakaa. Ile ya kufurahi niliisema kwa sababu niliona machozi yanaanza safu ya kwanza, na niliogopa watafanya na huu pia ushuhuda mukubwa, na Stanislas ataubeba mpaka Bukavu.

Bwana Polepole alifunga Biblia. Mikono ya wazee haikuja. Komite imesema nibaki kambini kufundisha kusoma, juu ya uchungaji wataongea tena siku Mungu atakapowaonyesha, na unajua Mungu na komite wanavyochukua muda.

Sasa Pascal. Alitungojea inje, Agnès kando yake. Sikuweza kumutazama. Alinipita, akaenda kwa shemeji, akamupima juu mpaka chini.

"Ni weye mwenye mulango?"

"Ni miye."

"Uliachaje pombe?"

Shemeji akakuna kichwa. "Sijaacha, kaka."

Pascal akageuka kwangu: "Na weye?"

"Sikuanza."

Alifikiri sana. Unaona namna mutu wa mikono mikubwa anavyofikiri, mwili wote unafanya kazi. "Basi nani aliacha?"

Agnès ndiye alijibu. "Ni weye, mujinga."

Pascal akamutazama kama vile amemuambia iko na nguo mupya mugongoni. Walikwenda. Kama amekasirika sijui. Kama atarudia mitungi sijui. Nakuandikia usiku huohuo ninasikiliza upande wa nyumba yake, na mpaka sasa ninasikia mutu anakohoa tu.

Asante kwa shahidi.

Venant

Kadutu, 14 Julai 1957

Yaya,

Mutoto mwanaume! Tumemuita Lucien. Iko na mapafu ya muhubiri na tumbo la baba yake. Maman alikuja kumuogesha, anakusalimia, anasema juu ya ile nuru ya kitanda hakukosea hata kama paa lilikuwa na tundu, anauliza nuru ulitaka ipite wapi.

Habari yako ilitufikia hapa kabla ya Floribert kufika, unajua kanisa. Mama Euphrasie alikuja kudai machozi yake. Anasema alilia bule mwezi wa kumi na moja, nani atamurudishia? Nikamuambia akae, nikamupa chai, nikamuonyesha mwenye mulango anapanga mbao chini ya muembe wa... hapana, nasema uongo, hatuna muembe, alikuwa kwenye jua tu. Mama Euphrasie alimutazama sana. Akasema: "Anafanana na watu." Kisha akalia tena kidogo, nafikiri ya mara hii ilikuwa ya kweli.

Wengine sokoni wananiuliza: weye ndiye dada wa ule muhubiri muongo? Nasema ndiyo, miye mwenyewe, na weye dada yako alisema kweli lini mara ya mwisho?

Floribert alikaa bila pombe kutoka kurudi mpaka malipo. Siku ya malipo alikunywa, lakini alirudi jua liko juu, akakaa chini karibu yangu nikinyonyesha, akaniambia pole juu ya ule usiku wa Walungu. Si pole ya mulevi, ile naijua, ina mate. Sijui kama inaitwa kuokoka. Naiandika vile iko. Miye naona iko na mwanzo ndani yake, na unajua miye naonaga mwanzo hata mahali watu wanaona matope.

Sasa niambie kitu kimoja. Jumapili ya kwanza, bila mulango, ilikuwaje? Mutu alikuja?

Emérence na Clémence na Lucien na (ameniambia niweke jina lake) Floribert

Shabunda, 11 Agosti 1957

Dada,

Karibu Lucien. Muambie mujomba wake hana kitu cha kumurithisha isipokuwa tumbo lisilopenda pombe.

Jumapili ya kwanza na ya pili hakuja mutu. Nilifagia. Jumapili ya tatu Pascal na Agnès walikuja, na wanaume wawili wa shimo lake, na bibi mumoja muzee ambaye nafikiri alikimbia mvua. Pascal hajanywa. Hanisalimii vizuri bado. Alikaa, akakunja mikono, akasema: "Soma."

Nikasema sina ushuhuda.

"Tumesikia. Soma."

Nikasoma, bila kidole. Nikawaelezea kile ninachoelewa, haikuchukua muda. Kisha tukafika kwenye mustari mumoja nikasema: hapa mimi sielewi. Zamani pale ningeweka hadisi. Niliwaza, nikatafuta, sikuwa nayo, nikafunga kitabu.

Yule bibi akauliza: "Imekwisha?"

Nikasema imekwisha.

Alifunga kikwembe chake vizuri, akasimama. Mvua ilikuwa imekatika zamani, sikuwa nimeona. Akafika karibu yangu akasema: "Juma lijalo utatuambia kama umeelewa."

Niko juu ya ule mustari tangu siku ile, Emérence, na bibi anauliza kila juma. Muombe Maman apige magoti.

Venant